Mke Wangu Anauza Ndege

Nikisema mke wangu anauza ndege, watu huniuliza kama ni kasuku au njiwa, kisha wanacheka wenyewe. Utani huo nimeusikia mpaka nimeukinai. Wanaoelewa kuwa nasema za kupaa angani, zenye injini na rubani, hunitazama kuanzia viatuni kwenda juu na kuniuliza, "Mkeo huyuhuyu?" Ndiyo, huyuhuyu. Kaeni niwaeleze, na mnivumilie nikipandisha sauti.

Mimi ni fundi wa viti. Navisha makochi, viti vya magari, na tangu nimjue yeye, viti vya ndege. Tulikutana hivyo. Alikuja kwenye karakana yangu na kiti cha ngozi kilichochanika, kimefungwa kwa kamba juu ya teksi, akataka nikishone kisionekane kuwa kimeshonwa. Nikamwambia dada, kilichochanika kikishonwa lazima kionekane. Akasema, "Kumbe wewe si fundi." Nilikasirika nikakishona kutwa nzima bila kula. Alipokifuata alipitisha kidole kwenye mshono, akalipa, akaondoka. Haukupita muda akaleta kingine. Mpaka leo naamini kile cha pili alikichana mwenyewe, naye mpaka leo anakana.

Alianzia chini kabisa. Uwanja wa ndege una upande ambao abiria wa kawaida hawauoni, ambako ndege ndogo za watu binafsi hulazwa. Pale pana chumba cha kungojea chenye zulia nene, na yeye ndiye aliyekuwa mpokea wageni: anachemsha kahawa, anapokea makoti, anamwelekeza dereva wa bwana mkubwa pa kuegesha. Marubani walikuwa wakimtania, "Aliye juu mngoje chini," na kweli ndiyo ilikuwa kazi yake. Lakini anayengoja husikia mengi. Alisikia nani amechoshwa na ndege yake, nani anatamani kubwa zaidi, nani anagombana na rubani wake. Dalali mmoja wa pale aliuza ndege kwa habari alizozichota kwake na hakumpa hata asante. Akasema moyoni, kumbe kazi naifanya mimi, jasho analipanguza mwingine.

Ya kwanza kuuza mwenyewe alimwuzia daktari wa mifupa aliyekuja akitaka ndege kubwa, yenye choo na kitanda. Madalali wa kiume walikwisha mwonyesha picha za kumtoa udenda. Mke wangu alimwuliza swali moja tu: "Daktari, mara nyingi utakuwa unapanda na nani?" Daktari akafikiri. "Peke yangu," akasema, "na begi." Akamtafutia ndogo ya injini moja, iliyokwisha tumika, na akawaambia mafundi waifungue injini mbele ya mnunuzi kabla hajatoa chochote. Wenzake walimcheka kwamba ameikanyaga riziki kwa miguu yake. Yeye husema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na hana miguu ya kutembeza vibaya.

Kuuza lakini ni mwanzo tu. Ndege si gari, huwezi kuifunika turubai ukaenda zako. Inataka rubani, bima, mafundi, mahali pa kulala, na inataka kurushwa hata kama huna safari, maana ikikaa inaharibika. Wenye ndege wengi hulijua hilo wakati wameshanunua. Basi akafungua ofisi ya kuwatunzia: chumba kimoja juu ya hanga, lile banda kubwa la kulaza ndege, na meza mbili, feni inayolalamika, na dirisha ambalo ukichungulia unaona mabawa ya matajiri yamelala pamoja kama kuku bandani. Watu waliomjua akipika kahawa wakawa wanampigia simu kumwuliza hali ya hewa.

Na kwa kuwa ndege iliyolala inakula bila kuzalisha, wenyewe wengi humwomba aikodishe kwa wageni pale wasipoihitaji. Hapo ndipo ulipokuwa ufundi wake hasa, na hapohapo ndipo walipomuumiza.

Mwenye ndege hataki kuhisi kuwa mwingine amekalia kiti chake. Amekubali ikodishwe, anapokea chake, lakini kuhisi hataki. Kwa hiyo kabla mgeni hajapanda, vitu vya mwenyewe hutolewa na kuwekwa kwenye kasha: picha za watoto, mto wake, marashi yake, ndara zake, jarida aliloliacha limekunjwa katikati. Mgeni akishuka vyote hurudishwa vilivyokuwa, hata jarida likunjwe ukurasa uleule. Pale hangani wanaita kufuta nyayo. Mke wangu hakumwachia mtu kazi hiyo. Nimemwona amepiga magoti ndani ya ndege, soksi mguuni, akiokota unywele mmoja usiofanana na nywele za familia ile. Nikamwambia, mke wangu, nyumbani hujawahi kuniokotea hata shati. Akasema, "Wewe hunilipi."

Sasa nije kwa huyu bwana. Tulimwita Bosi Saruji kwa sababu ya biashara yake, na kichwa chake nacho kilichangia. Alinunua ndege kwa mke wangu baada ya mke wangu kumshauri asinunue. "Bosi, kwa safari zako hizi, kodi tu," alimwambia. Akajibu kuwa yeye si mtu wa kukodi. Akanunua, akapigwa picha akiwa juu ya ngazi, mkewe pembeni na miwani ya jua, jamaa zao wakapandishwa kwa zamu, wakazungushwa hewani na kurudishwa palepale. Kisha ujenzi ukapoa, saruji ikaganda ghalani, na ndege ikaendelea kula.

Siku aliyokuja ofisini kwa hilo nilikuwepo. Nilikuwa chini ya meza nakaza skurubu za kiti cha mke wangu, na Bosi Saruji hakuniona, na hata angeniona, kwa watu kama yeye fundi ni sehemu ya fenicha. Akafunga mlango. Akasema kwa sauti ya mtu anayeungama kwamba ndege ikodishwe. Ila asijue mtu, na mkewe hasa asijue. "Nyumbani kwangu wakisikia ndege yangu inabeba watu kama teksi, nimekwisha," alisema. Mke wangu akamwahidi. Nampenda mke wangu kupita kiasi, lakini ahadi ile ikinijia kichwani hadi leo nataka kuvunja kitu.

Mke wa Bosi Saruji, ambaye wote tulimwita Mama Mkubwa, alikuwa na ndara zake za kuvaa ndani ya ndege, laini, za zambarau, zenye ua la shanga. Safari moja shanga zilikatika, akazichukua nyumbani kuzishona, hakumwambia mtu. Ndege ikakodishwa. Mgeni aliposhuka, mke wangu akapanda kufuta nyayo, akafungua kasha: ndara hamna. Akadhani alizisahau ndani alipokuwa akikusanya vitu. Akatazama chini ya viti, kwenye choo, ndani ya kabati. Hamna. Akaamini mgeni ameondoka nazo. Angempigia Mama Mkubwa simu amwambie nini? Kwamba ndara zako zimepotea ndani ya ndege ambayo unajua imelala bandani? Akaingia madukani, duka baada ya duka, mpaka akapata nyingine za zambarau, zenye ua la shanga, saizi ileile. Akazisugua kidogo kwa kiganja zisionekane mpya, akaziweka mahali pake. Alirudi nyumbani amechoka na amefurahi.

Safari iliyofuata Mama Mkubwa akapanda na mumewe, mkononi ameshika ndara zake zilizoshonwa. Akafungua kabati aziweke. Akakuta ndara nyingine, kama zake, za mguu kama wake, na zimeshavaliwa.

Kapteni, rubani wa ndege ile, ndiye aliyetusimulia. Anasema magurudumu hayajaanza kuzunguka sawasawa akaanza kuzisikia kelele kupitia mlango. "Nani huyu unayemnunulia ndara kama zangu?" Na hapo Bosi Saruji alikuwa na ukweli wa kumwokoa, maana mtu huyu hana hawara, ana ndege tu iliyotoka kutafuta riziki! Angesema hivyo mambo yangekwisha kwa kununiana wiki moja. Lakini alipima aibu ya hawara na aibu ya teksi, akazikataa zote mbili, akatafuta mgongo mwingine wa kubeba. "Ni yule mwanamke wa hangani," akasema. "Kumbe anaikodisha ndege yangu kwa siri. Mwizi."

Kapteni alisikia, na yeye ndiye aliyekuwa akiwarusha wageni hao kwa ruhusa ya bosi huyohuyo. Alinyamaza. Alisema ana watoto. Mimi nikamwambia sisi wetu tuliwaokota barabarani, sivyo?

Kazi ile haina bango barabarani. Mtu anakukabidhi ndege yake kwa kuwa mwenzake amemwambia, "Yule ni mwaminifu." Jina ndilo duka, jina ndiyo bidhaa. Neno mwizi likashuka kwenye ndege ile pamoja na mabegi, likapita chumba cha kungojea ambako alipika kahawa, na ndege zikaanza kuhama. Hakuna aliyekuja kugombana naye. Asubuhi rubani anatokea, anatazama viatu vyake mwenyewe, anasema bosi ameamua kubadilisha, na ndege inakokotwa hadi hanga la jirani. Mama mkwe alinipigia simu mimi kuuliza kama ni kweli. Mimi, si mwanawe. Nilimjibu vibaya, nikaombwa radhi badala ya kuomba.

Mwishowe zikabaki mbili, ya daktari wa mifupa na ya Bosi Saruji. Mmesikia vizuri, ya Bosi Saruji! Hakuihamisha. Alimtangaza mwizi mchana, na jioni anamtumia ujumbe: "Vipi, kuna wageni wiki hii?" Na mke wangu anamtafutia wageni.

Jikoni kwetu nilipiga meza mpaka chumvi ikamwagika. "Sema!" nikamwambia. "Nenda kasimame katikati ya kile chumba chao cha mazulia, useme!"

"Siri si yangu, Fundi," akasema. Huniita hivyo tangu siku ya kiti.

"Na jina ni la nani?"

Akawa anakusanya chumvi kwa ukingo wa kiganja. "Nikitoa siri ya mmoja, nani ataniachia yake? Wakiona nimekaa kimya hata kwa hili, watanielewa. Watarudi. Wewe hujui watu hawa."

"Nawajua makalio yao, nimeyashonea viti."

"Usinipigie kelele," akasema. "Wa kunipigia kelele ninao wa kutosha."

Nikatoka nikaenda kushona kochi la watu, nikavunja sindano.

Kisha Bosi Saruji akapiga simu. Amepata dawa, alisema. Mke wangu aende nyumbani kwake, amwombe Mama Mkubwa msamaha, aseme shetani alimpitia. Atakuwepo pia jirani yao, mzee mwenye mabasi, ambaye ndiye alikuwa wa kwanza kuhamisha ndege yake. Mzee huyo akisikia kuwa amesamehewa atawaambia wenzake, na ndege zitarudi. Mke wangu akapiga pasi suti yake ya buluu. Nikamwuliza, "Unakwenda kukiri wizi?" Akasema anakwenda kuzungumza. Nikaapa siendi. Kisha nikaingia kwenye gari, akaendesha yeye.

Sebule ile nilishaimaliza kwa jicho kabla sijakaa. Makochi marefu, ngozi halisi mahali pa kukalia tu, mgongoni na ubavuni plastiki. Mke wangu aliwaamkia, Mama Mkubwa akaitikia "Marahaba, mwanangu," juisi ikaletwa. Mzee wa mabasi alikuwa bado hajafika.

"Mama," mke wangu akaanza, "zile ndara nilizinunua mimi. Nilidhani zako zimepotea mikononi mwangu, nikaogopa kukuuliza. Hilo kosa ni langu, naomba unisamehe."

"Nimeshakusamehe," akasema Mama Mkubwa.

Bosi Saruji akakohoa. "Na lile lingine."

"Lile lingine lina mwenyewe, bosi. Namngoja aliseme."

Bosi akawa anatengeneza vifungo vya mkono wa shati lake. Nikafungua mdomo, mke wangu akaniminya goti. Hapo ndipo Mama Mkubwa alipocheka kidogo, kicheko cha upole kabisa, na kuweka bilauri yake mezani.

"Mwanangu, mimi si mtoto mdogo," akasema. "Nilimbana huyu chumbani, akanieleza yote. Najua hukuiba kitu. Sina neno na wewe."

Jamani, niliinuka nusu kwa furaha. Nikadhani tumepona. Mke wangu naye uso ulimfunguka, mara ya kwanza tangu mambo yaanze. "Basi mama, nisaidie umwambie mzee akija," akasema.

"Nimwambie nini? Kwamba tumefika mahali pa kukodisha?" Akamsogelea mke wangu, akamshika mkono kama mama anayemfunda binti. "Nina mabinti wa kuozesha. Sisi tukisemwa, hata benki wanasikia. Ninyi ni watu wa kawaida, mkichafuka mnaoga, watu wanasahau. Beba tu hili, mwanangu. Useme ulipitiwa. Sisi tutakuangalia."

Nimetukanwa maishani. Nimeitwa fundi uchwara, nimeitwa mjinga wa mke. Sijapata kutukanwa kwa sauti tamu namna ile, nikiwa na juisi yao mkononi. Kabla sijapata la kusema kengele ikalia, akaingia mzee wa mabasi akiwa mchangamfu, akipeana mikono na kila mtu. Akaketi. Bosi Saruji akasema, "Mzee, binti yetu ana neno dogo." Wote watatu wakamgeukia mke wangu.

Alisimama. Akavuta koti la suti yake likae sawa.

"Mzee, sijaiba," akasema. "Ndege ya bosi niliikodisha kwa kutumwa na bosi mwenyewe, ofisini kwangu, mume wangu huyu akisikia. Nimeificha siri yake mpaka nimebaki na hanga tupu. Na mama hapa anajua, ametoka kunishika mkono akiniambia nibebe. Sibebi."

Bosi Saruji akapayuka kwamba ni uongo, Mama Mkubwa akamwambia anyamaze. Mimi nilikuwa namtazama mzee wa mabasi peke yake. Nilikuwa namngojea ashangae. Hakushangaa. Alishusha pumzi, akapangusa mdomo kwa leso.

"Najua," akasema. "Tangu zamani najua. Ya kwangu si ulikuwa unaikodisha hivyohivyo, kwa kunong'onezwa? Sisi sote tunajua."

"Sasa mbona ulihamisha?" mke wangu akauliza. "Mzee, kama ulijua sijaiba, mbona ulihamisha?"

"Kwa sababu ulikuwa umebanwa, binti yangu. Mtu akibanwa vile, siku moja atasema. Mwizi tunaishi naye, anajulikana. Niliogopa utasema." Akaikunja leso yake. "Na sasa umesema."

Hakuna aliyetuaga. Kwenye gari mke wangu alishika usukani bila kuwasha injini. Nilitaka kumwambia nilikwambia, na namshukuru Mungu alinifunga mdomo. Kimya chake chote kile, miezi ile yote ya kumeza matusi ili waone kuwa anaweza kunyamaza, hakikumnunulia chochote kwa mtu yeyote. Walimhama kwa kuogopa kinywa ambacho hakuwa amekifungua.

Ghafla akaupiga usukani kwa viganja vyote viwili, akaupiga tena, honi ikalia mbele ya geti la watu, mlinzi akatoka mbio. Sijapata kumwona hivyo. Alikuwa analia na anatukana, matusi ambayo sikujua kama anayajua, na mengine alimtukana yeye mwenyewe, kwa jina lake lote.

"Ningesema siku ya kwanza, Fundi," akasema alipoishiwa na sauti. "Bei ilikuwa ileile."

Kesho yake aliikokota ndege ya Bosi Saruji nje ya hanga, akamwambia Kapteni ampigie mwenyewe aje aichukue. Siku hizi anatunza ya daktari, na akipata mnunuzi anauza. Mgeni akija na ndege ya kutunziwa, kabla hajakaribishwa hata maji anaambiwa: "Nitanyamaza juu ya mambo yako. Ukinisingizia nitasema, tena kwa sauti." Wengi hutabasamu, wakasema watapiga simu. Hawapigi. Mimi nikiwa pale huwafungulia mlango watoke.